Mpiga Kafi na Maji Yake

Tarehe 1 Februari 1877, pale Mto Aruwimi unapoingia katika Mto Kongo, watu wa Basoko walimtokea Henry Morton Stanley na mitumbwi 54. Mkubwa kuliko yote, kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, ulikuwa na wapiga kafi 80, arobaini kila ubavu, wote wamesimama. Bunduki zikaamua. Waungwana wa Zanzibar waliokuwa katika msafara wakawafukuza wenyeji mpaka kijijini, wakakuta sanamu chini ya paa lililoinuliwa kwa pembe 33 za ndovu. Wakazichukua. Pale kijijini zilikuwa nguzo za mahali pa ibada. Zilipopakiwa zikawa pembe tu, mali ya kupimwa kwa uzito.

Kukitoa kitu mahali pake hakukuanza na kompyuta.

Kamera za enzi hizo hazikuweza kushika kitu kinachokimbia, kwa hiyo pambano la Aruwimi lilifika kwa wasomaji wa 1878 kama mchoro wa kuchongwa, ndani ya kitabu cha Stanley. Lakini mmoja wa waliokuwa safarini alikuwa amekwisha kupigwa picha halisi. Kalulu, kijana ambaye mfanyabiashara Mwarabu wa Tabora alimpa Stanley kama zawadi, alisimamishwa studioni London mwaka 1872, nyuma ya bwana wake aliyevalia mavazi ya safari. Nyuma yao palikuwa na pazia. Afrika nzima ilikuwa imeachwa nje ya mlango, ikabaki ile ambayo mteja wa London angeinunua kwenye kadi. Kalulu alizama katika maporomoko ya Kongo tarehe 28 Machi 1877, wiki nane baada ya Basoko.

Mtoto mwingine aliponyoka. Huyu alikuwa mzaliwa wa Basoko, akatekwa angali mdogo, akapewa jina la Kiswahili, Baruti, akapelekwa hadi Uingereza. Mwaka 1887 Stanley alipopanda tena Aruwimi, Baruti aliwaita watu wa kwao kutoka majini. Kaka yake hakuridhika na sauti. Alitaka atajiwe tukio la zamani. Baruti akamkumbusha kovu lililokuwa mkononi mwa kaka huyo, na yule mamba. Haukupita muda mrefu Baruti akatoroka kambini usiku, na silaha za Stanley mkononi, yaelekea akarudi kwao. Katika makala hii yote sina mfano mwingine wa mtu aliyekatwa kwenye picha akajirudisha mwenyewe.

Ulaya tayari ilikuwa na mafundi wa kukata picha. Oscar Rejlander aliunda picha moja ya mwaka 1857 kwa negativu zaidi ya 30. Henry Peach Robinson mwaka uliofuata alitumia tano. Kazi ya kila siku ilikuwa ya chini zaidi: fundi alichukua brashi nyembamba, akapaka rangi isiyopitisha nuru juu ya kioo cha negativu, akifuata ukingo wa birika au kiatu. Palipopakwa pakatoka peupe karatasini. Orodha za bidhaa za madukani zilitengenezwa hivyo, na weupe huo tunauona hadi leo kwenye matangazo ya simu.

Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ufundi huo ulitumiwa kwa jambo zito kuliko viatu. Alice Seeley Harris, mmisionari wa Baringa, mwaka 1904 alimpiga picha baba mmoja, Nsala, akitazama kiganja na wayo vilivyokatwa vya bintiye. Picha nyingine za wakati huo zilionyesha vijana waliofunikwa shuka jeupe kifuani, na vigutu vyao vimewekwa juu ya shuka ili vionekane. Hapo kutenga kulifanyika kabla ya kamera kufunguliwa. Kisha katika kijitabu cha Mark Twain cha 1905 watu wa aina hiyo walikatwa mmoja mmoja kutoka picha zao, wakapangwa pamoja ukurasa mmoja. Waliokatwa mikono wakakatwa tena kwa mkasi, safari hii kwa ajili ya kuwatetea. Ukurasa ule ulisaidia kumnyang'anya Leopold Kongo, siwezi kuulaumu. Ila vijiji vyao havimo.

Miaka michache baadaye, kati ya 1909 na 1915, watafiti Herbert Lang na James Chapin walifanya kazi kaskazini-mashariki mwa Kongo, wakipitia Avakubi, juu ya Aruwimi, pale mto unapoitwa Ituri. Walirudi New York na picha karibu 10,000 na tani zipatazo 54 za mikusanyo, vyote vimetolewa mahali pake.

Ya Moscow yanajulikana: Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri, alifutwa kando ya Stalin ukingoni mwa mfereji, na maji yakachorwa mahali pake. Tusikae hapo.

Mwaka 1990 ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, walitoa Photoshop kupitia kampuni ya Adobe, ikiwa na kitanzi cha kuzungushia kitu na fimbo ya kuchagua rangi zinazofanana. Tabaka zilikuja 1994, na hizo ndizo zilizobadilisha mambo. Kilichokatwa sasa kilikaa juu ya karatasi yake angavu, kikisogezwa bila kuharibu cha chini.

Mkongomani aliyekielewa chombo hiki kuliko wengi ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, 1978. Katika mfululizo wake Mémoire wa mwaka 2006 aliwatoa wafanyakazi wa migodi kwenye picha za kumbukumbu za kikoloni, za rangi nyeusi na nyeupe, wengine wamepangwa mstari kama vitu vya kuhesabiwa, akawasimamisha juu ya picha zake za rangi za majengo yaliyochakaa ya kampuni ya migodi ya Gécamines. Hakuficha ukingo wa mkato. Watu wale walijenga utajiri ule, na sasa wanautazama ukiwa kutu. Rejlander alitaka tusione mshono. Baloji anataka tuuone, na kwangu Baloji ndiye fundi mkubwa zaidi.

Tangu 2023 mashine ya kampuni ya Meta iliyofunzwa kwa picha milioni 11 hukata chochote unachokigusa. Kisangani, kwa mpiga picha za pasipoti, pazia jeupe halihitajiki tena, simu inatosha.

Niliijaribu mashine hiyo ya Meta kwa picha ya mwanamume amesimama nyuma ya mtumbwi mbele ya Basoko, jioni. Nikamgusa. Ikamtoa safi, nywele hadi kidole. Kafi ikaishia pale inapoingia majini, mtumbwi ukakosa tumbo, na yeye akabaki ameinama mbele kwa nguvu zake zote, akisukuma weupe.