Wimbo Ulionyamaza na Sinema Iliyosema

Msomaji, hadithi ni kama maji: hufuata umbo la chombo kilichoitia. Ikihama kutoka katika wimbo kuingia katika sinema, haina budi kupungukiwa na hili na kuongezewa lile. Tazama mfano huu.

Mwaka 1967 Bobbie Gentry, mzaliwa wa jimbo la Mississippi huko Marekani, alitoa wimbo wa kantri, muziki wa watu wa mashambani, uitwao "Ode to Billie Joe". Wimbo huo wasimulia habari za aila ya wakulima iliyoketi kula chakula cha mchana. Mama aleta habari kwamba kijana Billie Joe amejitupa mtoni kutoka daraja la Tallahatchie. Wenzake wasikitika kidogo, kisha waendelea kuandaliana chakula. Binti wa nyumba peke yake ndiye asiyeweza kula. Mama aona sahani haikuguswa, lakini haoni moyo uliojeruhiwa. Kwa nini kijana alijiua? Yeye na msichana mmoja walionekana wakitupa kitu mtoni. Kilikuwa kitu gani? Wimbo hausemi.

Santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma manne, na watu wakaulizana sana. Mwaka 1976 ikatokea sinema ya "Ode to Billy Joe", iliyoongozwa na Max Baer. Mwandishi wake, Herman Raucher, alimwuliza Gentry sababu ya kifo kile; Gentry akajibu kuwa hata yeye haijui. Basi Raucher akabuni jawabu. Kilichotupwa kikawa mwanasesere, na kijana akawa ameelemewa na siri ya aibu.

Sinema ilitenda jema: ilimpa marehemu sura, sauti na mapenzi. Lakini ilipojibu swali la daraja, ilififiza swali la meza. Gentry mwenyewe alieleza kuwa wimbo wake ulihusu watu wasiojali msiba wa mwenzao.

Wewe usomaye historia, shika mambo mawili. Msanii ana ruhusa ya kuziba pengo kwa ubunifu. Mwanahistoria hana ruhusa hiyo. Tena, habari ya msiba ikufikiapo, usiharakishe kuuliza ni nini kilichotupwa mtoni. Mtazame kwanza aliye karibu nawe, aliyeshindwa kula.