Kitambulisho na Tuzo: Safari ya Mwigizaji John Kani

Katika Kiswahili, kitenzi "tambua" kimezaa maneno mawili ambayo kwa kawaida hayatajwi pamoja. La kwanza ni "kitambulisho", yaani karatasi au kitabu ambacho serikali humpa mtu ili askari apate kujua yeye ni nani. La pili ni "kutambuliwa", yaani kupewa heshima inayolingana na kazi aliyoifanya mtu. Historia ya John Kani, mwigizaji mkongwe wa jukwaa na filamu wa Afrika Kusini, inalazimu kuyasoma maneno hayo mawili kwa pamoja, kwani kitambulisho chake kilikana kazi ileile ambayo baadaye ilimletea tuzo.

Kani alizaliwa mwaka 1943 huko New Brighton, mtaa wa Waafrika katika mji wa Port Elizabeth, ambao tangu mwaka 2021 unaitwa Gqeberha. Mwaka 1965 alijiunga na Serpent Players, kundi la waigizaji wa mtaa huo lililofanya kazi pamoja na mwandishi Athol Fugard (1932-2025). Wanakundi walijipatia riziki kwa kazi nyingine. Kani mwenyewe alipata kuajiriwa katika kiwanda cha magari cha Ford. Zama hizo Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kutembea na kitabu cha pasi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1952 ambayo, kwa kejeli kubwa, ilijiita sheria ya kufuta pasi. Kitabu hicho kilionyesha mahali mtu aliporuhusiwa kuishi na mwajiri aliyemtumikia. Uigizaji haukuhesabiwa kuwa kazi ya Mwafrika. Kwa sababu hiyo, Kani na mwenzake Winston Ntshona (1941-2018) walipoamua kuishi kwa sanaa peke yake, iliwabidi waandikishwe kuwa watumishi wa nyumbani wa Fugard.

Kutokana na hali hiyo ilizaliwa tamthilia "Sizwe Banzi Is Dead", ambayo watatu hao waliitunga kwa pamoja na kuionyesha mara ya kwanza tarehe 8 Oktoba 1972 katika ukumbi wa Space, mjini Cape Town. Sizwe Banzi amekuja Port Elizabeth kutafuta kazi, na pasi yake haimruhusu kubaki. Usiku mmoja yeye na rafiki yake Buntu wanaikuta maiti ya mtu aitwaye Robert Zwelinzima, ambaye pasi yake ina ruhusa zote. Buntu anamshauri achukue pasi ya marehemu: jina la Sizwe lizikwe, mwili wake uendelee kuishi na kulisha watoto. Katika Kixhosa, neno "isizwe" lina maana ya taifa. Kwa hiyo anayesikia kwamba Sizwe amekufa anasikia pia habari ya taifa zima. Ntshona aliigiza nafasi ya Sizwe, naye Kani alibeba nafasi mbili: Buntu na Styles, mpiga picha ambaye zamani alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Ford.

Mwaka 1973 ilifuata "The Island", kisa cha wafungwa wawili wa kisiwa cha Robben wanaojiandaa kuigiza "Antigone" ya Mgiriki Sophocles. Tamthilia zote mbili zilisafiri hadi London na kisha New York. Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kiume katika tamthilia: tuzo moja kwa watu wawili, na kwa michezo yote miwili. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno ilipatikana katika mazoezi, mmoja akimjibu mwenziwe. Kumtenga mmoja kungekuwa kuikata kazi yenyewe vipande viwili.

Neno "tuzo" lina asili yake ngomani. Kutuza ni kumpa mchezaji zawadi palepale uwanjani, mbele ya watu wanaomjua. Tuzo ya mwaka 1975 haikutoka uwanjani kwake. Nchini mwao, washindi hao waliendelea kuwa watu wa pasi. Mwezi Oktoba 1976, siku chache kabla ya Transkei kutangaziwa "uhuru" ambao serikali ya Pretoria peke yake iliukiri, Kani na Ntshona walikamatwa huko huko Transkei kwa sababu ya kuonyesha "Sizwe Banzi". Malalamiko ya wasanii wa nchi za nje yalisaidia kuwatoa kizuizini. Hapo ndipo thamani ya tuzo ilipodhihirika, pamoja na mpaka wake: haikumzuia askari asiwakamate, lakini iliwafanya watu wa mbali waulize walipo.

Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986. Mwaka uliofuata Kani aliigiza Othello katika Market Theatre ya Johannesburg, chini ya uongozi wa Janet Suzman. Mwafrika kumkumbatia mke wake Mzungu jukwaani, katika nchi iliyokuwa imefuta marufuku ya ndoa za namna hiyo miaka miwili tu nyuma, lilikuwa tendo la kisiasa kabla ya kuwa la kisanaa.

Swali la kutambuliwa lilirudi kwa sura nyingine katika "Nothing But the Truth", tamthilia aliyoitunga Kani mwenyewe na kuionyesha mwaka 2002. Nyuma yake kuna msiba wa nyumbani: mwaka 1985 polisi walimpiga risasi na kumwua ndugu yake mdogo alipokuwa akighani shairi mazikoni. Mhusika mkuu, Sipho Makhaya, ni mzee wa maktaba aliyetumika miaka mingi akitumaini kuwa mkuu wake. Uhuru umefika, na cheo kinapewa kijana aliyerudi kutoka uhamishoni. Utumishi wa mzee aliyebaki nchini hauhesabiwi. Mwaka 2003 kazi hiyo ilimpatia Kani tuzo mbili za Fleur du Cap, moja ya mwigizaji bora na nyingine ya tamthilia mpya bora ya nchini. Filamu aliyoitoa kwayo ilipata Farasi wa Fedha wa Yennenga kwenye tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 2009.

Serikali ya nchi yake ilimvika nishani ya Ikhamanga ya fedha mwaka 2005, miaka 30 baada ya New York. Mwaka 2014 ukumbi mkubwa wa Market Theatre ulipewa jina lake, na mwaka 2023 Uingereza ikampa nishani ya heshima ya OBE. Katika filamu za Marekani alimwigiza mfalme T'Chaka mwaka 2016 na 2018, na ni yeye aliyependekeza mfalme huyo azungumze Kixhosa na mwanawe. Mwaka 2019 alitoa sauti ya Rafiki katika "The Lion King", mhusika ambaye jina lake ni la Kiswahili.

Tamthilia ya pasi nayo haikuzeeka. Mwaka 2006 Peter Brook aliionyesha kwa Kifaransa, na mmoja wa waigizaji wake wawili alikuwa Pitcho Womba Konga, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Ubelgiji. Mbele ya watazamaji wa Ulaya waliozoea habari za wahamiaji wasio na karatasi, kisa cha Sizwe hakikuhitaji maelezo.

Hata hivyo, historia ya tuzo isiishie kwa aliyezipokea. Baadhi ya wanakundi wa Serpent Players walifungwa katika kisiwa cha Robben; "The Island" ilitokana na yaliyowapata watu hao, na tuzo ya mwaka 1975 iliihusu tamthilia hiyo pia. Majina yao hayakusomwa New York. Pasi zao, kama ile ya Kani, hazikupata kuandikwa kwamba walikuwa waigizaji.