Alan Clarke, Mwongozaji wa Skrini Ndogo

Filamu ya runinga haijawahi kupewa heshima ya sinema. Huonyeshwa usiku mmoja, kesho yake magazeti huisifu au kuiponda, keshokutwa imesahaulika. Anayekumbukwa, kama yupo, ni mwigizaji. Na nchini Uingereza, ambako mchezo wa runinga ulitokana na jukwaa, sifa nyingi alipewa mwandishi. Mwongozaji alionekana kuwa fundi wa kituo cha utangazaji, mtu wa kupiga picha maneno ya mwenzake. Alan Clarke aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na katika muda wote huo filamu zake za sinema zilikuwa tatu tu. Wengi walimhesabu kuwa mtu aliyekwama, wakati wenzake kama Ken Loach na Stephen Frears walipokuwa wakijenga jina kwenye sinema. Mimi naona kinyume chake. Runinga haikuwa kituo cha kungojea safari. Ndiyo iliyomfunza ustadi ambao sinema ilikuja kuukopa kwake baadaye, na ushahidi umo katika kazi zenyewe, ukizitazama kwa mpangilio wa miaka.

Alizaliwa mwaka 1935 Wallasey, ng'ambo ya mto Mersey kutoka Liverpool, katika familia ya wafanyakazi. Akawa karani wa bima, akatumikia jeshi Hong Kong kama walivyolazimika vijana wa rika lake, kisha mwaka 1957 akahamia Kanada, akachimba dhahabu na hatimaye akasomea redio na televisheni Toronto. Aliporudi Uingereza mwaka 1961 alianzia chini, kwenye kazi za studio. Kufikia mwisho wa muongo huo alikuwa BBC, akiongoza michezo katika mfululizo wa The Wednesday Play na baadaye Play for Today, ulioendelea kuanzia 1970 hadi 1984. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba hadi mwaka 1982 Waingereza walikuwa na chaneli tatu tu. Mchezo mgumu, ambao hakuna mtu angekata tiketi kuutazama, uliingia sebuleni mwa mamilioni ya watu kwa sababu hapakuwa na kingine cha maana usiku ule. Mwongozaji wa sinema lazima amvute mtazamaji hadi ukumbini. Clarke alimkuta amekwisha keti.

Nakubali kwamba katika miaka ya 1970 mwandishi ndiye aliyetawala. Penda's Fen ya 1974, kuhusu mtoto wa mchungaji mashambani Worcestershire anayekutana na malaika, na mtunzi wa muziki Elgar, na hatimaye Penda, mfalme wa kale aliyekataa Ukristo, ni kazi ya David Rudkin kuanzia mwanzo hadi mwisho. Imejaa maneno, na maneno hayo ni mazuri. Clarke anayapisha. Atakayeitazama filamu hiyo peke yake atakuwa na haki ya kusema kwamba mwongozaji ni mtumishi wa mswada.

Mambo yalibadilika na Scum. Roy Minton aliandika, Clarke akaongoza kwa ajili ya BBC mwaka 1977, habari za borstal, yaani gereza la vijana wakosaji. (Wasomaji wa Kenya hawahitaji maelezo marefu: taasisi za Shikusa, Kakamega, na Shimo la Tewa, Pwani, zimerithi jina hilo kwa Waingereza, ilhali Uingereza yenyewe ilizifuta borstal kwa sheria ya mwaka 1982.) Carlin, akiigizwa na Ray Winstone ambaye hakuna aliyemjua wakati huo, anafika akiwa na sifa ya kumpiga afisa. Anapigwa na maafisa, anapigwa na mbabe wa bweni, ananyamaza. Kisha siku moja anatia mipira ya biliadi ndani ya soksi, anampiga nayo mfuasi wa mbabe huyo, halafu anamponda mbabe mwenyewe na kuchukua nafasi yake. BBC iliitazama filamu iliyokamilika, ikaifungia. Moja ya hoja zilizotolewa ni kwamba ilifanana mno na taarifa ya habari, hata mtazamaji angeweza kudhani mambo yote hayo hutokea mahali pamoja kwa siku chache.

Hapo ndipo pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu linapotokea. Ni kwa nini runinga ya umma isifiwe kwa kumlea mtu iliyemziba mdomo? Na si ni sinema iliyomwokoa, pale alipoipiga upya Scum mwaka 1979 na kuionyesha kumbini? Sehemu ya kwanza haina utetezi: uamuzi ulikuwa wa woga, na ulidumu miaka mingi. Lakini BBC hiyohiyo ndiyo iliyoulipia mswada ambao hakuna tajiri wa sinema angeugusa, ikautengeneza hadi mwisho. Kuhusu sehemu ya pili, linganisha matoleo mawili. Katika lile la 1977 Carlin, akishakuwa mbabe, anamtaka kijana mwenzake awe kama mke wake pale gerezani. Kipande hicho kiliachwa katika toleo la sinema. Bila hicho Carlin ni shujaa aliyewashinda waonevu, na watazamaji wa kumbini walimshangilia hivyo. Kikiwapo, tunaona kwamba gereza limempa cheo na kumfanya afanane nalo. Toleo la sinema lina kishindo zaidi. La runinga lina akili zaidi.

Miaka ya 1980 ndiyo yenye uzito, na kifaa kimoja kilichangia sana. Steadicam ni kifaa cha kubebea kamera kinachovaliwa mwilini kwa koti lenye mkono wa springi, kwa hiyo mpiga picha anaweza kutembea, hata kukimbia, picha isiyumbe. Sinema ya Marekani iliitumia kwa mbwembwe. Clarke aliichukua katika Made in Britain, iliyoandikwa na David Leland na kuonyeshwa ITV mwaka 1983, akaitumia kwa jambo dogo kabisa: kumfuata mtu anayetembea. Tim Roth, katika kazi yake ya kwanza mbele ya kamera, ni Trevor, kijana wa miaka 16 mwenye swastika kati ya nyusi, mwerevu, mkorofi, asiyeambilika. Katikati ya filamu afisa mmoja anachukua chaki na kumchorea ubaoni mzunguko wa maisha yake: shule, utoro, wizi, kituo cha vijana, jela, kukosa kazi, wizi tena. Ni mhadhara mrefu, na ni wa mwandishi. Lakini kinachobaki kichwani mwa mtazamaji ni mwendo wa Trevor, mabega mbele, kamera ikimwandama.

Tangu hapo Clarke alianza kupunguza. Christine ya 1987 ni msichana anayekwenda nyumba hadi nyumba katika mtaa nadhifu wa Waingereza, mfuko wa plastiki mkononi, akiwapelekea wenzake heroini. Wanajidunga, wanaongea mawili matatu ya kawaida, anaondoka, anatembea tena. Hakuna polisi, hakuna mzazi anayelia, hakuna somo. Mwaka huohuo alichukua mchezo wa jukwaani wa Jim Cartwright, Road, akaupeleka katika mji wa wachimba makaa wa Easington, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Humo Lesley Sharp, akiigiza mke wa mtu aliyekosa kazi, anasema yote aliyo nayo moyoni juu ya mumewe huku akitembea upesi kando ya nyumba, na kamera ikirudi nyuma mbele yake. Anayeshikilia kwamba runinga ni ya mwandishi na akitazame kipande hiki. Maneno yote ni ya Cartwright. Mwendo ni wa Clarke, na ndio unaotuonyesha mwanamke anayekwenda kwa haraka ilhali hana pa kwenda.

Mwisho wa njia hiyo ni Elephant, iliyotayarishwa na Danny Boyle kwa ajili ya BBC Ireland Kaskazini na kuonyeshwa Januari 1989. Jina lilitokana na usemi wa mwandishi Bernard MacLaverty, aliyeufananisha mzozo wa huko na tembo aliyeingia sebuleni, wenye nyumba wakamzoea. Kwa dakika 39 kuna mauaji 18. Mtu anaingia katika jengo la bwawa la kuogelea, anapita milango na korido, anampiga mwingine risasi, anatoka. Kamera inabaki juu ya maiti kwa sekunde kadhaa, zinazotosha kukukera. Kisha mtu mwingine, kituo cha petroli. Kisha kiwanda, nyumba, uwanja wa mpira. Karibu hakuna anayesema neno. Hatuambiwi muuaji ni Mkatoliki au Mprotestanti, wala aliyekufa alifanya nini.

Walikuwapo waliolalamika kwamba huko ni kukwepa: mzozo ulioua takriban watu 3,500 una historia, una wakoloni na walowezi, una upande uliodhulumiwa, na kuufuta huo wote ni kuugeuza uovu usio na chanzo. Pingamizi hili lina nguvu, na mtu asimpe mwanafunzi wa historia filamu hii kama kitabu cha kiada. Lakini Clarke alijua anaongea na nani. Waingereza walikuwa wamesikia sababu hizo kila jioni kwa miaka 20, hadi kifo cha mtu Belfast kikawa kama habari ya hali ya hewa. Aliondoa sababu ili kibaki kitendo. Na hili liliwezekana kwa sababu lilitokea runingani, katika kisanduku kilekile kilichowazoesha, bila onyo la tiketi wala umati wa kumbini.

Mwaka huohuo ilitoka The Firm, ambamo Gary Oldman ni wakala wa nyumba, mwenye mke na mtoto mchanga, anayeongoza genge la vurugu za mpira. Haikuwa na haja ya kuwalaumu maskini. Mhuni wake ana nyumba nzuri na kazi ya kuvaa tai. Ilikuwa ya mwisho. Clarke alikufa kwa saratani Julai 1990, akiwa na miaka 54. BBC iliionyesha Scum yake ya kwanza mwaka uliofuata. Mwaka 2003 Gus Van Sant alishinda Palme d'Or huko Cannes kwa filamu inayowafuata wanafunzi kwa nyuma, korido baada ya korido, na akaipa jina la Elephant, akilichukua waziwazi kwa Clarke. Mwaka 2016 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilitoa kazi zake za BBC kwa pamoja. Msomaji atakayezipata asianze na zile za sinema. Aanze na Road, kisha Elephant, na akifika kwenye Scum ahakikishe ni ya 1977.