Gazeti la Karani, Ngoma ya Kuli

Anayetaka kujua jinsi cheo kilivyowachagulia watu wa Tanganyika gazeti la kusoma na muziki wa kupenda, aanzie Tanga. Mwanzoni mwa karne ya 20, shule ya serikali ya Wajerumani mjini humo ilichapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Wasomaji wake walikuwa maakida, makarani na walimu, watu waliokula kwa kalamu. Kuli wa bandarini na kibarua wa shamba la mkonge hawakuandikiwa.

Mji huohuo ulikuwa na beni, ngoma ya matarumbeta na gwaride iliyoshuka kutoka Lamu na Mombasa. Wachezaji walivaa sare na kupeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Tanga ikagawanyika katika makundi mawili ya beni: Marini upande huu, Arinoti upande ule. Marini walijivunia makarani na waliosoma. Arinoti waliwakusanya vibarua na wageni kutoka bara. Tarumbeta lilikuwa lilelile, ila kila mmoja alijali anaandamana na nani.

Vita vya 1914 vikapita, Waingereza wakashika nchi. Mwaka 1922 Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani huko Unguja, aliunda Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Januari 1923 Idara ya Elimu ikatoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi, Dar es Salaam. Lilikuwa mali ya serikali na siasa ilifungiwa mlango, lakini barua na mashairi ya wasomaji yaliligeuza baraza. Walimu na makarani walibishana humo kuhusu mavazi, ndoa na ustaarabu, na ngoma nazo hazikusalimika. Katika miaka hiyo ya 1920 na 1930 wasomi wakaanza kuipa beni kisogo na kuhamia dansi: suti, viatu vya ngozi, mwanamume na mwanamke wameshikana. Siamini kwamba masikio yao yalibadilika. Beni ilikwisha kuwa ya kila mtu, na kitu cha kila mtu hakimpambi karani.

Hata hivyo si kila aliyepanda alidharau alikotoka, wala si kila aliyekuwa chini alibaki kusubiri. Kule Unguja taarabu ilikuwa starehe ya ikulu, ikiimbwa kwa Kiarabu, hadi alipotokea Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, ambaye mama yake alifinyanga vyungu naye akavitembeza kuviuza. Siti aliimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Mumbai kurekodi santuri, na mahali ilipokuwapo gramafoni aliyepita njiani aliweza kusikia kile ambacho zamani kilikuwa nyuma ya kuta. Aliyekuja kuandika wasifu wake aliwahi kuwa karani wa Idara ya Forodha, Shaaban Robert, mshairi ambaye Mambo Leo lilichapa tungo zake. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa mengi mengine.

Dar es Salaam yenyewe ilijengwa kwa matabaka: Uzunguni, Uhindini, Kariakoo, kila eneo na kanuni zake za ujenzi. Magazeti yalifuata ramani hiyo. Tanganyika Standard, lililoanza 1930 kwa Kiingereza, lilizungumza na maofisa na walowezi. Novemba 1937 Erica Fiah, mwenye duka, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Fiah hakuwa mtumishi wa serikali, na ndiyo maana aliweza kuandika malalamiko ambayo karani angeyameza.

Mwaka 1959 likaja Ngurumo la Randhir Thaker, la bei ya chini na Kiswahili cha mtaani. Wenye Kiingereza chao walikuwa na Standard. Ngurumo lilimfikia mtu wa Kariakoo ambaye senti zake zilihesabika, na asiyejua kusoma alisomewa na mwenzake. Dharau inayoelekezwa leo kwa magazeti pendwa nadhani ina mizizi huko: mara nyingi mnunuzi hudharauliwa kabla gazeti halijafunguliwa. Mwenye kutaka kulilaumu gazeti kwa uongo wake ana haki, mradi alisome kwanza, na ayapime kwa mizani hiyohiyo yale yanayowekwa mapokezi kwenye ofisi za mabosi.