Kilele chenye jina la malkia na mlima wenye jina la theluji



Mashariki ya nchi yetu, katika eneo la Beni, mpaka wa Kongo na Uganda unapita juu ya barafu. Hapo ndipo kiliposimama kilele cha Margherita, chenye urefu wa meta 5.109, kirefu kuliko vyote nchini mwetu na cha tatu barani Afrika, baada ya Kilimanjaro na Kenya. Tofauti na hiyo miwili, na tofauti na Nyiragongo, milima ya Ruwenzori haikuzaliwa na moto wa volkano: ni mwamba wa kale ulioinuliwa wakati bonde kubwa la ufa lilipokuwa likifunguka.

Ni nani Margherita? Alikuwa malkia wa Italia, ambaye hakuwahi kukanyaga mlima huo. Tarehe 18 Juni 1906, Luigi Amedeo wa Savoia, Duke wa Abruzzi, alifika kileleni na kukipa jina la malkia huyo. Kilele cha jirani alikiita Alexandra, kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Mlima wenyewe, unaobeba vilele hivyo viwili, ulipewa jina la Stanley, aliyeiona theluji hiyo mwaka wa 1888. Wakati wa Zaire uliitwa Ngaliema. Hivyo kila utawala uliandika juu ya mwamba ule jina ulilotaka likumbukwe.

Lakini Wanande wa upande wetu, na ndugu zao Wakonzo wa Uganda, walikuwa na jina kabla ya ramani zote: Rwenzururu, yaani mahali pa theluji. Jina hilo halimtukuzi mtu. Linashuhudia kile ambacho wazee walikiona mawingu yalipofunguka.

Ushuhuda huo sasa uko hatarini. Mwaka wa 1906 barafu ilikuwa juu ya milima sita ya Ruwenzori. Miaka mia moja baadaye ilikuwa imebaki juu ya mitatu tu, Stanley, Speke na Baker, na tangu hapo imezidi kupungua. Joto la dunia linaongezeka, nayo barafu ya karibu na ikweta haina pa kukimbilia. Ikiisha, malkia atabaki na kilele chake. Jina la wazee ndilo litakalopoteza kitu linachokitaja.

Je, maji yetu yataisha pamoja na barafu? Hapana. Mito inayoshuka kuelekea Semliki hulishwa hasa na mvua. Msitu, mianzi, na kuvu za kijani zinazofunika miti ya juu hulowa kama sifongo, kisha huachilia maji polepole. Barafu hutoa sehemu ndogo tu.

Hapo ndipo lilipo jukumu letu. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu, wala si sisi tuliochafua hewa kuliko wengine. Lakini msitu wa Ruwenzori, uliomo ndani ya Hifadhi ya Virunga, unakatwa au kulindwa na watu wa hapa hapa. Tuwaulize wazee majina ya mito na mabonde, tuyaandike, na tulinde miti inayoyafanya majina hayo yaendelee kusema kweli.