Sukari ya Kikuubo na Msitu wa Mabira: Ardhi Imeshikwa kwa Amana ya Nani?

Leo tunaandika historia ya ardhi, lakini tunaanzia mahali ambapo hakuna hata shamba moja: Kikuubo.

Wengi mnakujua. Kwa Kiganda kikuubo ni njia nyembamba, kichochoro, na ukipita pale saa nne asubuhi na mzigo kichwani unaelewa kwa nini waliita hivyo. Ndipo duka la kijijini linaponunua sabuni, mafuta, chumvi na biskuti kwa bei ya jumla. Baadhi yetu tunabeba mizigo pale, dada zetu wanatembeza vitenge, na wafanyabiashara kutoka Bunia, Goma na Juba wanajaza magari. Bidhaa moja haikosekani: gunia la sukari. Lugazi, Kakira, Kinyara. Tunalibeba tu, hatuulizi miwa ilikua wapi. Lakini magunia mawili kati ya hayo yana historia ya msitu ndani yake, na historia hiyo inatuhusu sisi wakimbizi kuliko inavyoonekana.

Kwanza neno lenyewe. Duniani kuna njia ya kulinda ardhi ambayo sisi tutaiita amana. Ardhi inashikwa na mdhamini, chama au ofisi, lakini si mali yake ya kuuza atakavyo. Anaishika kwa ajili ya watu fulani, na hata wale ambao hawajazaliwa. Marekani, kule Massachusetts, walianzisha chama cha namna hiyo mwaka 1891 ili kuhifadhi sehemu za asili. Uingereza wakafuata mwaka 1895. Lakini tusijifanye kwamba ni kitu cha Wazungu tu. Watu wa pwani ya Mombasa na Zanzibar wana wakfu tangu zamani, na wazee wetu wa Kivu wakisema shamba ni la ukoo, mwami ni mlinzi tu, wanasema karibu jambo lilelile. Shida ni moja: mlinzi akigeuka mwenye mali, nani atamwambia kitu?

Buganda wana jibu la uchungu kwa swali hilo. Tarehe 10 Machi 1900 Sir Harry Johnston alitia sahihi mkataba na wakubwa wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo, kwa hiyo walioketi mezani walikuwa watawala wa muda na machifu. Nchi ikagawanywa kwa maili za mraba, ndiyo maana mpaka leo ardhi hiyo inaitwa mailo. Kabaka alipewa maili 350. Machifu na watu binafsi wapatao elfu moja waliandikiwa maili 8,000. Misitu, maili 1,500, ikawa chini ya serikali ya kikoloni, pamoja na maili 9,000 za ardhi iliyoitwa tupu. Ati tupu! Mkulima aliyekuwa analima pale tangu babu yake hakuandikwa popote. Alilala mwenye shamba, akaamka mpangaji wa kibanja, analipa. Kodi zilipanda mpaka mwaka 1928 serikali ikalazimika kutunga sheria ya busuulu na envujjo ili kuwazuia wenye mailo wasiwakamue watu.

Lakini ndani ya mkataba uleule kulikuwa na kitu kingine tofauti. Sehemu ya ardhi haikupewa mtu, ilipewa cheo. Chifu akiondoka, ardhi inabaki na kiti. Hiyo ni amana, hata kama hawakuiita hivyo. Mwaka 1967 Obote alifuta falme na ardhi ya vyeo ikaenda kwa serikali. Waganda hawakusahau. Walidai kwa neno moja, ebyaffe, yaani vitu vyetu. Mwaka 1993 sheria ya kurudisha mali ilipitishwa, na mwaka 2014 ufalme ulikabidhiwa hati nyingine 213. Katiba ya 1995, ibara ya 246, inasema kiongozi wa jadi anaweza kushika mali kwa amana, kwa ajili ya taasisi yake na watu wake. Wapangaji wengi wa vibanja bado wanauliza kama "watu wake" ni wao pia, wanapoambiwa walipe. Sisi tunaona wana haki ya kuuliza.

Katiba hiyohiyo, ibara ya 237, inasema serikali itashika kwa amana ya wananchi maziwa, mito, maeneo oevu, misitu ya hifadhi na mbuga za wanyama. Hata mfereji wa Nakivubo unaopita karibu na Kikuubo, ule unaofurika mvua ikinyesha, unamwaga maji kwenye kinamasi ambacho kwa sheria ni amana. Kile kinamasi kinachuja uchafu wa mji kabla haujaingia Ziwa Victoria, karibu na Gaba ambako maji ya kunywa ya Kampala yanachotwa. Ukiangalia jinsi kinavyomalizwa na viwanda na mashamba ya magimbi, utajua kwamba maneno ya Katiba hayasimami yenyewe. Lazima mtu ayasimamishe.

Turudi kwenye magunia.

Gunia la kwanza ni la Kakira. Karibu na Jinja kulikuwa na msitu wa hifadhi unaoitwa Butamira. Sheria ya Ardhi ya 1998 inakataza serikali kuuza au kukodisha ardhi ya amana, ila inairuhusu kutoa kibali cha matumizi. Mlango ni mdogo, lakini miwa ilipita humo: kampuni ya sukari ilipewa kibali cha kutumia Butamira. Wanavijiji waliokuwa wakitegemea msitu ule hawakuulizwa. Shirika moja la Kampala, ACODE, likaenda Mahakama Kuu. Upande wa serikali ulikuwa na hoja zake, lakini mwaka 2005 jaji alisema serikali ilikuwa mdhamini tu, na kwamba mdhamini hawezi kutoa kitu cha amana bila ridhaa ya wenyewe. Angalieni vizuri hapo. ACODE hawakuwa na hata mti mmoja Butamira. Waliingia mahakamani kwa ibara ya 50, inayosema mtu yeyote au shirika lolote linaweza kushtaki pale haki za mtu mwingine au kundi lingine zinapovunjwa. Mtu yeyote. Hilo neno tutalirudia.

Gunia la pili ni la Lugazi, na hapa hadithi ni kubwa zaidi. Mabira ni msitu uliotangazwa hifadhi mwaka 1932, hekta kama 30,000, kwenye barabara ya Jinja. Waliosafiri kwa basi wameuona, na wengi wamenunua kuku wa kuchoma pale Namawojjolo. Una aina zaidi ya 300 za ndege. Mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa hekta 7,100, karibu robo ya msitu, kwa kampuni ya sukari ya Lugazi ili ipande miwa. Hoja ilikuwa ajira na sukari ya bei nafuu. Si hoja za kuchekwa, sisi tunaijua bei ya sukari.

Watu wakakataa. Ujumbe mfupi ulizunguka kwenye simu: msinunue sukari ya Lugazi. Fikirini maana yake kwa njia kama Kikuubo, ambapo mfanyabiashara anaishi kwa kuzungusha gunia haraka. Ufalme wa Buganda na Kanisa la Anglikana wakajitokeza kusema wana ardhi nyingine ya kutoa ikiwa shida ni shamba la miwa tu. Hilo tunalipenda sana katika historia hii: mwenye amana moja anatoa sehemu yake ili kuokoa amana ya wote. Mbunge Beatrice Anywar alisimama mbele mpaka akaitwa Mama Mabira. Mwezi Oktoba mwaka ule serikali ikarudi nyuma. Mwaka 2011 sukari ilipanda bei vibaya, na mpango ukaletwa tena, ukapingwa tena. Msitu bado upo, ingawa watu wanaumega pembeni kila mwaka.

Tungeweza kuishia hapo na kupiga makofi. Lakini kuna siku moja katikati, tarehe 12 Aprili 2007, ambayo vijana wa sasa hawaitaji sana. Maandamano ya kuutetea msitu yaliingia katikati ya Kampala, na kampuni ya Lugazi ni ya familia ya Mehta, yenye asili ya India. Ghafla adui akawa si mpango wa miwa, akawa Mhindi yeyote aliyeonekana barabarani. Mwanaume mmoja alipigwa mawe mpaka akafa. Hekalu la Wahindu lilishambuliwa. Familia zilikimbilia kituo cha polisi na maduka yakafungwa. Waliokufa siku ile hawakupungua watatu. Na familia ya Mehta, kumbukeni, ni miongoni mwa waliofukuzwa nchini na Idi Amin mwaka 1972 na baadaye wakarudi. Yaani nao walikuwa wakimbizi kama sisi.

Ndiyo sababu tunaandika insha hii. Tunasikia mara nyingi, hata kwenye semina za mashirika, kwamba ardhi ikilindwa na jamii yenyewe kila kitu kinakuwa sawa. Sisi tunauliza: jamii ni nani? Ibara ya 237 inaanza kwa kusema ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda. Sisi si raia. Asiye raia anaweza kukodi tu, na mwisho ni miaka 99. Kule makambini kiwanja tulichopewa ni cha kutumia. Kanuni za wakimbizi za 2010 zinakataza kukiuza au kukikodisha. Nakivale, ambayo imepokea watu tangu wakati wa wakimbizi wa kwanza wa Rwanda, iko kwenye ardhi ya serikali. West Nile ni tofauti: kule Bidibidi na Adjumani, ardhi nyingi ni ya koo, wazee wa hapo waliitoa ili wageni wapate pa kujenga. Mwenyeji anapolalamika kwamba miti yake imeisha kwa kuni zetu, analalamika kuhusu amana yake. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, tunaomba mlielewe hili kabla ya kuliita "mgogoro wa rasilimali". Yule mzee hakupoteza rasilimali. Alikopesha msitu wa babu yake, na hakuna aliyeandika popote utarudishwaje.

Kuandika kunawezekana. Sheria ya 1998 inaruhusu watu wanaoshika ardhi pamoja kuunda chama chao cha ardhi, wachague kamati ya watu kati ya watatu na tisa, theluthi moja angalau wanawake, na hati itoke kwa jina la chama. Kwa maoni yetu hiyo ni salama kuliko hati ya mtu mmoja, kwa sababu mtu mmoja anaweza kulewa, kudaiwa au kudanganywa. Kamati nayo inaweza kula, hatukatai, lakini inaweza kuondolewa kwa kura. Mgeni hawezi kuwa mwenye hati ndani yake. Anachoweza ni kuwa na makubaliano na chama hicho: akate wapi, apande miti mingapi, asiguse wapi. Na kuhusu ile ibara ya 50, neno "mtu yeyote" halikufuatwa na neno "raia".

Sasa nyumbani kwetu. Kongo, sheria ya ardhi ya 1973 ilisema udongo wote ni mali ya serikali. Kuhusu ardhi ya jamii za vijijini, ibara ya 389 iliahidi kwamba rais atatoa agizo la kueleza haki zao. Miaka zaidi ya 50 imepita na agizo halijatoka. Ndiyo maana baba zetu wengi walilima bila karatasi, na aliyekuja na karatasi kutoka mjini akashinda. Hata uhifadhi ulitumika hivyohivyo: Batwa walitolewa ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, na mpaka leo hawajapata mahali pao.

Lakini Kivu ya Kaskazini kuna mfano mwingine. Mwaka 1998, vita vikiwa vinaendelea, machifu wa Batangi na Bamate waliamua wenyewe kutenga msitu wa Tayna ili kulinda sokwe, na mwaka 2006 serikali ikautambua. Kisha agizo la Agosti 2014 likafungua njia kwa jamii yoyote yenye msitu wa mila: inaweza kuomba mpaka hekta 50,000, bila malipo na bila mwisho wa muda, msitu ukabaki kwa jina la jamii.

Ombi hilo linahitaji ramani ya mipaka. Mto gani, kilima gani, mti gani, ukoo gani upande wa pili, na majirani wakubali. Vijijini sehemu nyingi waliobaki ni wachache, na wanaojua mipaka hiyo wanakaa Nakivale, Kyaka, Katwe na Nsambya. Baadhi wamezikwa huku. Kwa hiyo sisi tumeanza kuwatembelea wazee Jumapili, tunarekodi kwa simu, tunachora kwenye daftari, na tunaandika pia majina ya majirani, hata wa makabila ambayo hatuelewani nayo, kwa sababu bila wao mpaka si mpaka. Mpaka sasa wazee 11 wamekubali kuongea. Wawili walipingana kuhusu kijito kimoja kwa saa nzima, tukaandika maneno ya wote wawili. Mwenye mzee nyumbani anayekumbuka, atuandikie, tutakuja na daftari.