Fadhila, Maarifa na Utawala: Hekima ya Wayunani wa Kale katika Mwanga wa Imani

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inapofundisha juu ya fadhila za kiutu, inazitaja nne zilizo msingi wa nyingine zote: busara, haki, nguvu na kiasi (KKK 1805). Waamini wengi tunazifahamu tangu mafundisho ya Kipaimara. Lakini ni wachache wanaojua kwamba fadhila hizo nne ziliwekwa pamoja na wanafalsafa wa Athene, karne nne hivi kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu Yesu Kristo. Kitabu cha Hekima (8:7) kinazitaja hizo hizo kuwa ni matunda ya hekima itokayo kwa Mungu. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, alizipa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya bawaba, kwa kuwa maisha yote mema huzunguka juu yake kama mlango.

Katika makala hii tunaangalia maswali mawili yaliyowashughulisha wanafalsafa hao. Je, anayejua lililo jema atalitenda? Na ni nani anayestahili kukabidhiwa mamlaka juu ya wenzake? Maswali haya yanagusa familia, jumuiya na nchi zetu hata leo.

Sokrates: maarifa na dhamiri

Sokrates aliishi Athene tangu mwaka 469 K.K. hivi hadi mwaka 399 K.K. Mama yake alikuwa mkunga, naye aliifananisha kazi yake na ya mama yake: hakuwamiminia watu mawazo, bali kwa maswali aliwasaidia kuyazaa yaliyokuwamo ndani yao. Hakuandika kitabu, habari zake tumezipata hasa kwa Plato na Xenophon. Alishika kwamba fadhila ni maarifa, na kwamba hakuna atendaye uovu kwa kupenda. Mkosaji hukosa kwa kutojua lililo jema kweli.

Msimamo wake ulijaribiwa katika utumishi wa umma. Mwaka 406 K.K., baada ya vita vya majini vya Arginusae, majemadari wa Athene walishtakiwa kwa kutowaokoa wenzao waliozama wakati wa dhoruba. Wananchi wenye hasira walitaka kuwahukumu wote kwa kura moja, kinyume cha sheria. Siku hiyo Sokrates alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa mkutano, akakataa kushiriki, ingawa umati ulipiga kelele na kutoa vitisho. Majemadari sita waliuawa. Baadaye wananchi wakajuta.

Mwaka 404 K.K. Athene ilishindwa na Sparta, na mji ukaangukia mikononi mwa watawala thelathini waliojulikana kwa ukatili. Hao walimwagiza Sokrates na wengine wanne wakamkamate Leon wa Salamis ili auawe. Wale wanne walikwenda kumkamata; Sokrates alirudi nyumbani kwake. Kwa hiyo mtu yule yule aliyewakatalia wengi waliokuwa na hasira aliwakatalia pia wachache waliokuwa na silaha. Mwaka 399 K.K., utawala wa wananchi ukiwa umekwisha kurejeshwa, alishtakiwa kuwa haiheshimu miungu ya mji na kwamba anawapotosha vijana, akahukumiwa kunywa sumu.

Hapa pana jambo la kutafakari. Critias, kiongozi wa wale thelathini, aliwahi kuwa mmoja wa watu waliomfuata Sokrates na kumsikiliza. Masikio yake yalisikia maswali yale yale juu ya haki, na bado mikono yake ilimwaga damu. Basi, je, maarifa peke yake yanatosha?

Plato: haki ndani ya roho na ndani ya mji

Plato, aliyekuwa ndugu wa Critias kwa upande wa mama, alikuwa kijana wakati huo. Aliona jamaa zake wakitawala kwa udhalimu, kisha akaona utawala wa wananchi ukimwua mwalimu wake. Katika kitabu chake maarufu juu ya jamhuri alifundisha kwamba roho ya mwanadamu ina sehemu tatu: akili, ari na tamaa. Busara huiongoza akili, nguvu huimarisha ari, kiasi huziweka tamaa chini ya uongozi wa akili, na haki hutawala pale kila sehemu inapotimiza wajibu wake. Mji nao uko hivyo. Kwa sababu hiyo Plato alitaka watawala wawe wapenda hekima, tena wasimiliki mali binafsi wala dhahabu, wasije wakageuka mbwa mwitu badala ya walinzi wa kundi.

Alijaribu kumlea mtawala wa namna hiyo kule Sirakusa, katika kisiwa cha Sisilia, lakini jitihada zake kwa Dionysius wa Pili hazikufanikiwa. Katika kitabu cha uzeeni mwake, kiitwacho Sheria, aliweka mkazo zaidi juu ya utawala wa sheria, ambayo hata viongozi wanapaswa kuitumikia.

Aristoteli: fadhila hujengwa kwa mazoea

Aristoteli (384–322 K.K.) alikaa katika shule ya Plato miaka ishirini hivi. Aliona wazi kwamba mtu anaweza kujua lililo jema na bado akashindwa kulitenda, kwa kuwa tamaa humshinda. Kwake, mtu huwa mwenye haki kwa kutenda matendo ya haki mara kwa mara, kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Ndiyo maana malezi ya utotoni ni ya lazima. Wahenga wetu walilijua hilo waliposema: samaki mkunje angali mbichi.

Kuhusu utawala, Aristoteli aliweka kipimo kilicho rahisi kukumbuka. Awe anatawala mmoja, wachache au wengi, utawala ni wa haki ukilenga manufaa ya wote; ukilenga manufaa ya wanaotawala tu, umepotoka.

Kanisa lilipokea nini, na lilisahihisha nini?

Mtume Paulo alizungumza na wanafalsafa huko Areopago (Mdo 17:16-34). Mtakatifu Yustino, mfiadini wa karne ya pili, aliona kwa watu kama Sokrates mbegu za Neno wa Mungu. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliyatumia sana mafundisho ya Aristoteli, na Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya imani na akili wa mwaka 1998, alitukumbusha kwamba viwili hivyo vinahitajiana.

Hata hivyo, Kanisa halikupokea yote. Plato alitaka wake na watoto wa walinzi wa mji wawe wa pamoja. Imani yetu inaitetea familia. Aristoteli alidai kwamba wengine ni watumwa kwa maumbile. Sisi tunaungama kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, na kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala mtu huru (Gal 3:28). Zaidi ya hayo, Mtume Paulo anakiri kwamba mtu huweza kulitaka jema na bado akatenda ovu asilolitaka (Rum 7:15-25). Donda hilo haliponywi na elimu tu, wala na mazoea tu. Neema ya Mungu huzitakasa na kuziinua fadhila za kiutu (KKK 1810-1811), nazo imani, matumaini na mapendo hutuunganisha na Mungu mwenyewe.

Mwaliko kwetu

Tunapochagua viongozi, iwe katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, katika halmashauri za parokia au katika nchi, tusitosheke na ufasaha wa maneno wala wingi wa vyeti. Tuulize: mtu huyu amezoea kutenda nini pasipo kuonwa na watu? Anamtafutia nani manufaa? Je, anaweza kusema hapana pale wengi, au wenye nguvu, wanapomtaka atende lisilo haki? Na kabla ya kumwuliza mwingine, kila mmoja wetu ajiulize hayo mbele ya Mungu katika utafiti wa dhamiri, kisha aombe neema ya kuyatenda yale ambayo tayari anayajua.